Ndege wa Mvua katika Bwawa la Tatu

Jumapili, 3 Novemba
Nimemwona! Kwa macho yangu haya, ambayo daktari mwenyewe aliyavulia kofia. Bwawa la tatu la maji taka, kwenye matete ya mlango wa maji. Mdogo kama ngumi ya mtoto, kichwa rangi ya kutu, madoa meupe mgongoni. Anatembea kama panya mwizi. Ndiye huyuhuyu mpwa wangu anayemtafuta! Alinieleza: kiangazi huonekana kusini huko, mvua ikianguka anapotea, na hakuna msomi anayejua anakwenda kutagia wapi. Basi anatagia kazini kwangu. Mayai matatu — chini ya pua yangu, na pua yangu inavumilia mengi pale.

Jumatatu, 4 Novemba
Nimempigia mpwa. Hakufurahi. Kanikumbusha mwaka juzi, nilipowatoa chuoni yeye na profesa wake, wakasafiri kutwa kuja kuona kuku wa maji wa kawaida. (Alikuwa mkubwa ajabu, hilo silifuti.) Picha niliyompelekea inaonyesha matete tu. Na profesa ameshamwambia: asipopata kiota msimu huu, utafiti anapewa mwingine. Miaka minne ya kukanyaga matope! Nikamsihi. Akasema, "Mjomba, nakupenda. Lakini ukiniambia mvua inanyesha, natoa mkono dirishani kwanza."

Jumanne, 5 Novemba
Balaa. Msimamizi — tunamwita Pasi, kwa vile anainyoosha suruali kuja kusimama penye kinyesi — ameagiza matete yakatwe. Yanaziba mlango wa maji. Nikamweleza habari za ndege. Akauliza kama anaimba Kilatini. Wenzangu wakacheka hadi kukohoa.
Mimi ni mtu wa kufikiri haraka. Nikasema haya, kateni, ila humo mna chatu. Nikanyoosha mikono kuonyesha urefu, haikutosha, nikaongeza mguu. Nikaeleza alivyommeza mbwa wa mlinzi. (Mbwa alihama mwenyewe.) Hakuna aliyegusa panga. Nimeshinda.

Jumatano, 6 Novemba
Mpwa anakuja! Dada yangu, mama yake, ndiye aliyemsukuma. Eti kamwambia mjomba wako ni mwongo, lakini hajawahi kulia kwenye simu. Nililia? Mafua yale. Atafika Ijumaa, peke yake. Profesa kakataa kupanda gari kwa neno langu.
Ndege amelalia mayai. Nimemsogelea hadi nikaona jicho. Hakuruka.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimekwisha.
Habari za chatu zimefika ofisi kuu. Wanaoishi nyuma ya ukuta wamewafungia watoto ndani. Amri imetoka: matete yachomwe kesho, na nyoka humohumo. Chini kumejaa makavu ya mwaka jana, na oili chafu imeshaletwa.
Nikamwendea Pasi. Nikamwambia hakuna chatu, nilitunga. Akanitazama kwa huruma! Akasema, "Usiogope, mzee. Tutamuua." Nikaapa kwa kaburi la mama. Akanishika bega, akasema hofu humpata kila mtu. Mwaka mzima nasema ukweli mara moja, nao unakosa mnunuzi.
Nihamishe kiota? Mpwa alishanionya: ukigusa, mama anaondoka harudi.

Ijumaa, 8 Novemba
Naandikia gotini. Nimekaa ndani ya matete tangu alfajiri, kwenye zege la mlango, miguu majini. Ndege yuko hatua chache, ametulia kuliko mimi. Pasi ananiita kutoka ukingoni. Wenzangu wanasema mzee kapagawa. Harufu ya oili inafika huku.
Mpwa kapiga simu. Gari limeharibika njiani, kafika nusu ya safari. Akauliza kweli yupo? Nikataka kuanza kama kawaida yangu — nikaacha. Nikasema, "Yupo. Mmoja. Mayai matatu. Wanataka kuchoma. Nimekaa naye."
Akasema, "Mjomba, mpe huyo msimamizi simu."
Mpe! Kumpa lazima nitoke, na nikitoka wanawasha. Nimeweka sauti ya nje, haifiki. Nimemwita Pasi aje aichukue mwenyewe, hatua ishirini tu. Haji. Anaogopa chatu.
Mpwa yuko hewani bado, namsikia akipumua. Pasi kasimama na kiberiti, ananyoosha shingo. Hasogei, mimi siondoki, na simu imeanza kulilia chaji —