Yamini ya Husseni

Tukuyu,
9 Julai 1975

Mdogo wangu mpenzi Mwanajuma,

Asalaam aleikum. Natumai u mzima, wewe na wanafunzi wako huko Iringa. Sisi tunapumua tu. Mama hali chakula vizuri tangu tulipomzika ndugu yetu Husseni, na baridi ya mwaka huu haina huruma.

Uliniuliza kama kweli pombe ndiyo iliyomharibia ini. Nilikasirika, nikaiweka barua yako kando. Leo nakujibu.

Ilianza mikononi. Fundi cherehani mzima akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Kisha akawa anayumba njiani, ulimi mzito, macho ya njano, tumbo limejaa maji. Kamati ya kijiji ikamtoa kwenye ushirika wa ushonaji kwa ulevi. Bibi Atuganile, mpika pombe, alikuja mwenyewe kutuambia kwamba Husseni hajanunua kwake hata kikombe kimoja. Tulimfukuza. Nani angesikiliza ushahidi wa mpika pombe?

Daktari wa misheni naye alidhani ni pombe, mpaka yule bibi alipomfuata wodini akamweleza. Ndipo akapima kichocho, maana nacho huharibu ini, hakuna. Akammulika macho kwa tochi, akaona pete ya rangi ya udongo kuzunguka weusi wa jicho. Alisema kwamba shaba iliyomo kwenye chakula, ambayo watu wengine huitoa mwilini, kwa Husseni ilijaa kwenye ini na ubongo. Akauliza kama wazazi wetu ni ndugu, maana ugonjwa huo hurithiwa. Nikamwambia babu zetu wawili ni watoto wa baba mmoja. Dawa ipo Dar es Salaam, lakini Husseni alikuwa hajitambui tena, na siku ya nne akafa.

Sasa nikwambie nililokuficha. Ramadhani iliyopita nilimshikisha Msahafu mbele ya wazee, akala yamini kwamba hajaonja pombe maishani. Kesho yake akaanguka mlangoni mwa msikiti. Nikamwita mwongo, nikampiga mbele ya watu. Sikumwomba radhi, na sasa sina wa kumwomba.

Daktari ameagiza sote wa tumbo moja tupimwe. Mimi nimepimwa, sina ugonjwa huo. Lakini katika barua yako ya Mei ulitania kwamba siku hizi chaki inakuponyoka mpaka wanafunzi wanacheka. Naogopa, Mwanajuma. Nenda Dar es Salaam, usingoje likizo. Ukiwahi, dawa inasaidia. Barua ya daktari nimeitia humu.

Mama anakusalimu sana. Habari ya chaki sijamwambia. Niandikie lolote unalolisikia mwilini, hata dogo. Sitakuapisha. Nitakuamini.

Kaka yako,
Ahmadi Kasim