Mchemraba wa Siku Ishirini na Nane

Mama mkubwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ingawa mitihani ya uhandisi inatutoa jasho. Chumba chetu cha bweni kimepakwa rangi. Kitanda cha kaka bado kitupu. Vitu vyake vyote nimekutumia, isipokuwa kimoja.

Wiki moja kabla ya msiba tulitengeneza michemraba ya zege. Hulowekwa siku ishirini na nane, kisha huvunjwa kwa mashine kupima nguvu yake. Zege likiwa bado bichi, kaka aliubonyeza wake kwa dole gumba, akacheka: “Hii ndiyo sahihi ya mhandisi, haifutiki.”

Siku ilipotimia, fundi wa maabara akaniambia, “Lete wa marehemu, tuvunje.” Nikamdanganya kwamba umepotea. Uko chini ya kitanda changu. Chumba ni kikavu, mama, lakini kila asubuhi naukuta umelowa chapachapa.

Ndiyo maana nakuandikia. Mazishini uliniuliza kama kaka alikuwa peke yake kule bwawani, nikakuitikia ndiyo. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemwambia, “Ruka tu, maji hayafiki hata kifuani.”

Ni mimi,
mwanao aliyebaki.