Panya wa Mlimani na Papa wa Muanda

Majengo, Goma

Mwanangu Umugwaneza,

Salamu zikufikie huko Muanda. Kuku wa jirani yetu Kahindo wameanza tena kutaga ndani ya ua wetu.

Nimesoma insha yako juu ya panya wa milima yetu na papa wa bahari ya huko, ambao wote wako hatarini kutoweka. Nimekupa nane kwa kumi. Umeeleza vizuri kwamba panya huzaa wengi, lakini msitu wake ukifyekwa hana pa kwenda; papa ana bahari yote, ila hukawia kukomaa na huzaa wachache. Alama mbili nimezikata kwa sababu hukusema ni yupi aokolewe kwanza.

Nimeinuka mara tatu tangu nianze kuandika, kila pikipiki inaposimama mlangoni. Mama yako alikwenda Kalengera kuvuna maharagwe. Nilimkataza, akanicheka: "Muzee, maharagwe itaoza, tutakula vitabu yako?" Kesho yake mapigano yakafunga barabara ya Rutshuru, ile ipitayo Kalengera. Leo ni siku ya tisa, na simu yake haipatikani.

Najua Kahindo amekwisha kukwambia, nawe umekata tiketi uje kumtafuta. Irudishe. Panya akipoteza mtoto, huzaa tena kabla mvua hazijaisha. Mama yako na mimi tulingoja miaka kumi na minne, tukapata mmoja.

Baki huko. Kalengera nitakwenda mimi, kesho asubuhi, kwa miguu.

Mzazi wako,
Ndagijimana