Sakafu Isiyo ya Nchi Yoyote

Jumapili, 12 Januari

Leo binti yangu kanipa zawadi ambayo akili bado inaizunguka tu. Alikuja na kompyuta yake, akasukuma vikombe pembeni, akasema, Baba, kaa hapa utazame. Ramani ya dunia, na juu yake mistari miwili myekundu. Mmoja wangu. Mwingine wa umbu langu, mdogo wangu wa kike. Mistari inakutana mahali pamoja, halafu inaachana.

Binti ni fundi wa mashine za picha za hospitali. Hupanda ndege kama wengine wanavyopanda basi, na kila safari shirika la ndege humwandikia maili zake, ambazo zikijaa hubadilishwa kuwa tiketi. Amezilimbikiza miaka na miaka. Leo kazimaliza zote kwa tiketi mbili. Yangu ni ya kwenda kwa mwanangu wa kiume. Ya umbu langu ni ya kurudi nyumbani kwake, akitoka kumwona mjukuu aliyezaliwa.

Nchi anayoishi umbu langu imeninyima viza mara mbili. Hii ninayoishi mimi imemnyima yeye mara tatu. Hati za watu kama sisi hazipendwi kwenye madirisha ya balozi. Lakini kumbe — na hili ndilo lililoniacha kinywa wazi — ndani ya uwanja mkubwa wa ndege, kati ya kushuka na kupanda, upo ukumbi ambao hauulizi viza. Umeshuka, ila hujaingia. Sakafu isiyo ya nchi yoyote! Nimesoma vitabu vingi vya jiografia, hakuna hata kimoja kilichoitaja.

Tarehe tisa Aprili. Mimi natua asubuhi, yeye baada yangu kidogo, na ndege zetu zinaondoka alasiri. Muda wa saa sita, mimi na yeye, baada ya miaka thelathini na nane.

Jumanne, 14 Januari

Simu na umbu langu. Alicheka mpaka akakohoa. Yaani Kaka, tumefukuzwa ardhini mpaka tunakwenda kukutana angani? Nikamwambia si angani, ni kwenye zulia. Akauliza kama kuna viti, au tutasimama kama kwenye foleni ya unga. Nikamwambia vipo, tena vya mto. Hakuniamini.

Alhamisi, 6 Februari

Barua pepe ya shirika la ndege. Kichwa chake: Habari njema kuhusu safari yako. Ratiba imebadilika. Ndege yangu ya kwanza sasa itachelewa kuondoka, na hivyo nimepunguziwa "usumbufu wa kusubiri". Zile saa sita zimekuwa dakika hamsini. Na ndani ya hizo hamsini kuna kushuka, kukaguliwa mkoba, na kukimbilia mlango mwingine kwa magoti haya.

Chini kulikuwa na kitufe cha buluu. KUBALI.

Nikakibonyeza.

Nilikuwa nimesoma kila neno. Nilikuwa nimeelewa. Na bado kidole kilikwenda! Tangu nihame kwetu, ofisi ikiniuliza kama nakubali, nimekubali. Nilikubali hema, nikakubali jina lililokosewa herufi, nikakubali mji ambao sikuuchagua. Mkimbizi hasemi "ngoja kwanza", maana hata hicho kidogo anachopewa kinaweza kurudi mfukoni mwa mtoaji. Mkono una elimu yake. Haukunisubiri.

Nimepika. Sikula.

Ijumaa, 7 Februari

Nimemwambia binti. "Baba! Umekubali?" Akashika kiuno, akatazama dari, nikaona anameza maneno. Kisha akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza madaktari mashine zao. Shirika likigeuza ratiba lenyewe, lenyewe ndilo limevunja ahadi. Abiria anaweza kudai ndege yao nyingine, bila kuongeza maili, hata kama viti vinavyotengewa tiketi za maili vimekwisha. Ila akishakubali, basi. "Mpini ulikuwa mkononi mwako, Baba, ukawarudishia."

Nilikaa nikaliwaza hilo zaidi ya kosa langu. Kwamba chombo kikubwa kiasi kile, chenye injini na marubani na bima, kikibadili nia, kinawajibika kwangu. Kwangu mimi! Hakuna aliyewahi kuniambia.

Tukapiga simu. Muziki, muziki, muziki. Halafu sauti ya mwanamke, na nyuma yake mvua ikipiga bati. Huku kwetu jua kali. Binti akaeleza. Mwanamke akauliza mara mbili: mzee anataka asubiri zaidi? Binti akasema ndiyo, zaidi. Mwanamke akacheka: "Dada, mimi hapa kutwa natukanwa na wanaotaka kusubiri kidogo. Huyu ni wa kwanza kutaka zaidi!"

Nikaomba simu. Nikamwambia, mwanangu, katika hizo saa sita ndimo alimo ndugu yangu. Nikamweleza. Kisha akasema ukweli: nimeshakubali, mlango umefungwa. Ndege nyingine ina viti vitupu tele, lakini vya maili hakuna hata kimoja, na yeye hana uwezo wa kulazimisha. Halafu akashusha sauti. Ratiba ya msimu mpya bado haijatulia. Huenda ikasogea tena. "Ikisogea, mzee wangu, usiguse kitu chochote. Wewe piga simu."

Jumatano, 26 Februari

Haijasogea. Nafungua barua pepe kama mtu anayechungulia mtego.

Umbu langu kaniambia leo, kwa namna ya mtu anayeongelea bei ya sabuni, kwamba daktari hataki apande ndege tena baada ya safari hii. Mapafu. Ameruhusiwa hii ya kwenda na kurudi, kisha atulie. Nikasema haidhuru. Akasema, inadhuru Kaka, usinidanganye, sisi si watoto.

Mchana nilisimama nje ya duka la dawa nikitazama ndege ikipita juu sana, ikiacha mstari mweupe. Mtu fulani, mahali fulani, anasogeza dakika kwenye kioo chake, na huku chini ndugu wanakutana au hawakutani. Wala hajui. Hana ubaya wowote. Wahenga walisema mipango si matumizi, na wao hawakuwahi kuiona ratiba ya ndege!

Jumatatu, 3 Machi

IMESOGEA!

Safari hii wamepita kiasi. Ndege ya kwanza sasa inatua wakati ile ya pili imeshaondoka. Yaani nimepangiwa kupanda ndege iliyokwisha kuruka. Nilimpigia binti nikidhani ndiyo mwisho wetu. Akapiga kelele ya furaha mpaka nikatenga simu na sikio. "Usiguse! Nakuja! Baba, ikalie hiyo mikono!"

Nikaikalia kweli. Alinikuta hivyo hivyo.

Aliyepokea simu leo alikuwa mwanamume mwenye mafua na haraka. Akaangalia, akaguna, akakiri kwamba hiyo haiwezekani hata kwa miujiza. Kisha akauliza: "Sasa mzee, unataka ndege ipi?"

Unataka ipi! Nikasema ile inayosafiri usiku na kutua asubuhi mapema. Akanionya kwamba nitakaa ukumbini karibu kutwa. Nikamjibu kama una saa nyingine hapo, niongezee. Binti alificha uso kwenye mto wa kiti. Mwanamume akapiga chafya, akabonyeza vitu, akasema tayari.

Tayari. Nimesema ninachotaka, na ndege ikawa yangu.

Jumapili, 6 Aprili

Tumegawana mazungumzo, mimi na umbu langu, tusije tukapoteza muda kwa habari za hali ya hewa. Yeye atasimulia mwaka wa kwanza baada ya kutawanyika, ambao hajawahi kuusimulia kwenye simu. Mimi nitasimulia wa kwangu. Kisha tutakula kitu. Kisha, kasema, tutanyamaza kidogo, maana kunyamaza kwenye simu watu hudhani mtandao umekatika.

Jumatano, 9 Aprili

Ukumbini. Asubuhi.

Ni kweli upo. Zulia la kijivu lisilo na mwisho, na viti vya mto. Watu wa kila rangi wamelala wamekumbatia mikoba yao kama watoto. Nimetafuta bendera, sikuona hata moja. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Ubao wa ratiba ukibadilika, wote tunainua nyuso kwa pamoja, kama jamaa moja.

Ndege yake: IMECHELEWA.

Adhuhuri. Bado. Ujumbe wake aliutuma kabla ya kuruka: ukungu, wamekalishwa ndani ya ndege iliyosimama. "Kaka usiondoke."

Saa nane. Bado. Nimenunua mikate miwili. Wa kwake nimeufunga.

Saa tisa. Ndege yangu inapakia. Naiona kupitia kioo, ile pale, kubwa kupita nyumba yoyote niliyowahi kuishi. Ubao umegeuka: ndege yake IMETUA. Imetua, lakini mlango haujafunguliwa.

Dada wa mlango wa ndege yangu kanifuata hadi kitini. "Mzee, umeitwa mara tatu. Tunafunga." Nikamwambia nasikia. Akachuchumaa mbele yangu, mtu wa heshima, akanieleza: ukiachwa, safari hii utakuwa umeivunja wewe. Tiketi ya maili inakufa hapo hapo. Viza ya huko ina tarehe. Hakuna wa kukupangia nyingine.

"Naelewa vizuri sana, binti yangu."

"Unaelewa, lakini husimami."

"Naam."

Akanitazama. Akauliza ni nani huyo. Nikamwambia. Akageuka, akasema kwenye redio yake wampe dakika chache, abiria mmoja ana shida ya kutembea. Magoti yangu hayakumkanusha.

Mlango wa ndege ya umbu langu umefunguka. Wanatoka. Wenye haraka kwanza, kisha wenye watoto. Simu imenionyesha uso wake kila wiki, lakini mwendo wake haikuwahi kunionyesha. Na sasa nyuma ya wote, bila pupa, bega la kushoto likitangulia kidogo, anakuja mama yetu. Mama tuliyemzika sisi wawili. Mwendo ni wake, hatua kwa hatua. Uso tu ndio wa umbu langu.

Redio inasema sasa hivi au basi. Dada wa mlangoni kanishika kiwiko. Mama anaangaza macho ukumbi mzima, ananitafuta, na mimi bado naandika —