Gari Limekaa, Mama Hawezi Kukaa

Mshauri wetu,

Naomba uisome barua hii hadi mwisho hata ukiona ni ya mambo ya gari, maana nilipomweleza dada yangu alicheka akasema niipeleke gereji. Mimi ni fundi cherehani, nimeolewa, naishi na mume wangu pamoja na mama yangu mzazi ambaye ni mjane, na gari ninalolisema ni la mama, aliachiwa na marehemu baba, ila mama hajui kuendesha kwa hiyo funguo zinakaa mfukoni mwa mume wangu, na mwanzoni sikuona ubaya kwa sababu ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali kila wiki kwenye mazoezi ya mgongo, na daktari alituambia wazi kwamba mazoezi hayo yakikatishwa mguu wa kushoto utakufa ganzi na mama hatatembea tena.

Basi mume wangu, ambaye kazi yake ni kufunga redio kwenye magari, akapatwa na ugonjwa wa kushusha gari, yaani kulipunguza kimo mpaka likaribie kugusa ardhi. Rafiki zake wote wameshusha ya kwao, Jumapili wanayapanga pale yanapooshewa, wanachuchumaa kutazama tairi la nani limezama zaidi, na likiwapendeza wanasema, "Imekaa!" Ndilo neno lao hilo. Nikamwambia hilo gari linabeba mgonjwa, akanijibu, "Si ndiyo vizuri? Likiwa chini mama hatapanda, ataingia tu kama anaingia sebuleni." Nikakubali, maana kweli mama alikuwa akipata taabu kupandisha mguu, na maneno yalikuwa matamu.

Akalipeleka kwa mwenzake, wakazitoa springi, wakazikata kwa grainda, wakazirudisha zikiwa fupi na shokapu zilezile za zamani. Likarudi limelala barabarani, rafiki zake wakapiga makofi, "Imekaa kaka, imekaa!" Mshauri, gari limekaa lakini mama hawezi kukaa. Kila shimo linampiga kiunoni, kwenye tuta chuma kinagonga chuma mpaka meno yanagongana, na mama ameshayajua matuta yote ya njia ile, kabla hatujafika anashika kiti kwa mikono miwili anajinyanyua, tunapita, anajishusha taratibu, halafu anamwambia mkwewe, "Asante baba, unaendesha vizuri." Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nikageukia dirishani nikalia.

Nilimwambia mama aseme. Akanijibu, "Mwanangu, mkwe akikubeba humwambii bega lake lina mfupa." Nikasema mimi, mume wangu akaja juu, akasema springi zitalegea zenyewe, mama atazoea, na mimi natafuta tu sababu ya kumwaibisha mbele ya wenzake. Sasa mama ametutangazia kwamba amepona na haendi tena hospitali. Mume wangu akacheka, "Unaona? Gari limemtibu." Lakini jana kibati changu cha pini kilianguka, pini zikamwagika, na mama ambaye siku zote huwahi kuniokotea alizitazama tu pale sakafuni, kisha akanisogezea kwa ncha ya kandambili.

Naomba unisaidie, kuna springi fupi na shokapu za aina gani zitakazoliacha gari chini kama mume wangu anavyopenda na zisimuumize mama? Na kama hazipo, mama atazoea baada ya muda gani? Sitaki ugomvi nyumbani.

Ni mimi, Fundi wa Mashono

MSHAURI ANAJIBU

Fundi wa Mashono, pole. Ila pole hii mpelekee mama yako, yako bado naifikiria.

Nianze na chuma, ndicho rahisi. Barua yako nimemsomea fundi ambaye kazi yake ni springi na shokapu tu, akashika kichwa. Springi ikikatwa inakuwa fupi na ngumu. Shokapu, ambayo kazi yake ni kuituliza springi isirukeruke, ilitengenezwa kwa springi ndefu, sasa imejikunja karibu na mwisho wake na haina pa kushukia, kwa hiyo tuta likija inagota, na pigo linalobaki linapokelewa na mgongo wa abiria. Hazilegei hizo. Zitaua shokapu, na iko siku springi mojawapo itachomoka mahali pake mkiwa kwenye kona.

Gari linaweza kushushwa likabaki laini, sikatai. Unatafuta springi zilizotengenezwa fupi tangu kiwandani, zinazoshusha kidogo, vidole viwili basi, na shokapu zilizotengenezwa kwenda nazo, zote nne kwa pamoja, raba za kuzuia kugota ziwe nzima, na matairi yenye unene ubavuni. Mwenye mgongo mzima atafurahi. Mama yako hayumo. Yeye anataka springi za urefu wa kawaida, mpya, maana zenu zimeshachinjwa, na shokapu mpya laini. Na ile taabu ya kupanda? Kigoda! Kigoda cha kukanyagia kingeimaliza bila grainda.

Wewe ni fundi cherehani. Mteja akileta suruali ndefu unaikunja kwanza, unabana pini, anavaa, anatembea, na hata ukikata unaacha upindo. Mumeo amekata suruali ya mtu mwingine ikiwa mwilini mwa mwenyewe, na wewe ulikuwa pembeni umeshika pini.

Nimeudhika nawe hasa kwa hilo swali lako. Gari ni la mama, mgongo ni wa mama, mguu utakaokufa ni wa mama, nawe unaniuliza mume anapenda nini. Eti hutaki ugomvi nyumbani. Ugomvi umo humo tayari, ila anayepigwa ni mmoja na ndiye anayesema asante. Yeye ana udhuru, mkwe hasemwi na mkwewe. Wewe huna ukwe na mumeo.

Wiki hii, si ijayo, kodi gari lenye springi zake kamili umpeleke mama hospitali, na daktari aelezwe kwa nini alikosa. Usimuulize mama kama amepona. Kisha kaa na mumeo faragha, umwambie gari linarudi lilivyokuwa na funguo zinarudi kwa mwenyewe. Akibisha, mtafutie dereva ampitishe njia yote ya hospitali kwenye kiti kile cha mama, mikono mapajani, bila kushika kitu. Akiteremka bado anabisha, ita ndugu za marehemu baba yako, wao watajua la kumwambia kuhusu gari la ndugu yao.

Na lile swali lako la mwisho, kwamba mama atazoea baada ya muda gani. Alishazoea kuficha maumivu, binti yangu. Ndiyo maana amekwambia amepona.