Kayamba Lako Limefika Isaka

Mpendwa mama,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa dukani kwangu hapa Nyasubi. Mvua imewafukuza wateja, nami nina furaha ambayo ningependa uisikie. Nyimbo za kwaya yenu ya Ushirombo sasa ziko kwenye tovuti niliyoitengeneza mwenyewe.

Haikuwa rahisi. Mwanzoni niliziweka zikiwa nzito mno. Mama Kabula, shoga yako aliyehamia Isaka, akanipigia: "Mwanangu, kiduara kinazunguka tu! Bando limekwisha na sijasikia hata aleluya." Basi nikazibana mpaka zikawa nyepesi kabisa. Zikafunguka mara moja. Ila kaka Masanja, aliyeko machimboni Geita, akauliza, "Dada, mbona mama anakaanga samaki kanisani?"

Nikavaa hedifoni. Kweli. Sauti za waimbaji zilikuwa salama, lakini kayamba lako, lile ulilolitikisa umefumba macho, nami nimebebwa mgongoni nikisikia kila mbegu ikigonga, lilikuwa limegeuka mafuta yanayochemka. Iliniuma. Nyimbo zimepita, wewe umebaki njiani.

Sababu niliijua baadaye: nilikuwa nabana faili zilizokwisha kubanwa huko nyuma, zikirushwa simu hadi simu. Nikapanda gari hadi Ushirombo kwa mwalimu wenu wa kwaya, akanipa rekodi yenyewe ya awali. Mlirekodi kwa maiki moja, kwa hiyo kushoto na kulia kwa hedifoni ilikuwa sauti ileile. Nikabakiza upande mmoja, uzito ukapungua nusu na hakuna kilichoharibika. Nikakata ukimya mrefu wa mwanzo. Kisha nikaanza kubana taratibu, masikio yangu yakiwa kwenye kayamba tu. Lilipoanza kuchuja, nikarudi nyuma kidogo, nikaishia hapo.

Mama Kabula akapiga tena. "Zimefunguka! Nimemsikia mama yako kabisa. Wabeja, asante sana mwanangu." Halafu akaangua kicheko. "Unajua mwalimu alimpa kayamba ili asiimbe? Akifungua kinywa, sote tunapotea sauti!"

Mama, hilo hukuwahi kunidokeza! Nilicheka mpaka mteja aliyekuwa akisubiri fotokopi naye akacheka, bila kujua anacheka nini.

Siku hizi sikulilii kama zamani. Nakusikiliza nikipiga deki, nikipika, na mara nyingine najikuta natikisa kopo la sukari.

Kuna mahali sikukata. Wimbo mmoja umekwisha, maiki haijazimwa, na unasikika ukiwaambia wenzako, "Haya mimi natangulia, wanangu hawajala." Maneno hayo yanaongeza uzito wa faili. Acha yaongeze.

Pumzika vyema, mama.

Ni mimi,
kitindamimba wako.