Macho ya Mama Hayakuwa Adhabu

Mtongwe, Likoni,
Mombasa.
9 Februari 2025

Mpendwa Kaka Mansur,

Assalaam alaykum. Shikamoo kaka. Hujambo, na joto la Maskati je? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila mimi mafua yameniganda wiki ya pili sasa. Barua hii anakuletea jirani yetu Abubakar, kwa kuwa simu zangu huzipokei. Nimeiandika kwa herufi kubwa ili usihangaike nayo.

Nadhani najua ulichonyamazia. Tangu nikutumie picha ya mwanao Dhahabu, ukaona macho yake meusi matupu, hayana lile duara la rangi, kama yako na ya marehemu Mama, hujasema neno.

Unazikumbuka adhuhuri za utotoni? Mimi mbele, wewe na Mama nyuma mmejifunika kanga moja, mkifinya macho kwa jua. Mama akicheka, "Samiha, usije ukatutia shimoni, wewe ndiwe taa yetu." Nikajiona mkubwa! Na alivyokuwa akiosha ngisi uani kwa kupapasa tu, asibakize hata tone la wino. Mimi hujaribu kufumba macho nioshe kama yeye, siwezi.

Nakumbuka pia siku zake za mwisho, nuru ilipomtoka kabisa. Alikushika uso akakwambia, "Nisamehe mwanangu. Utotoni nilimcheka kipofu, Mungu akaniadhibu, na adhabu nimekurithisha." Ulilia. Nilikuwa mlangoni, nami nikaamini.

Kwa kuamini huko nilimkosea mkeo. Dhahabu alipozaliwa nilimwambia Zuleikha mbele ya watu, "Ulijua ukoo huu una adhabu. Mbona hukuombewa dua ulipokuwa na mimba?" Alimfunika mtoto akaingia ndani.

Hata hivyo ni mimi aliyeniomba nimsindikize kliniki ya macho. Daktari wa huko, Maryanne, alimmulika mtoto, akauliza habari za ukoo, akapeleka damu ikapimwe. Juzi tuliitwa kusikia majibu.

Alisema kila chembe ya mwili ina uzi mwembamba mno uliobeba maagizo ya kutujenga. Ipo protini ambayo kazi yake ni kuushika uzi huo mahali maalumu na kuyaamsha maagizo ya jicho. Namna ya kuitengeneza protini hiyo kila mtu huipata mara mbili, kwa baba na kwa mama. Mama upande mmoja ulikuwa na hitilafu, protini ikapungua, na lile duara la rangi halikuumbika. Kila mtoto wake alikuwa na uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi. Wewe ukarithi, mimi nikanusurika.

Nikamuuliza, "Hitilafu hiyo ilitokana na kosa gani?"

"Hakuna aliyekosa, shangazi. Hutokea tu, kama mtu anayenakili akaruka herufi."

Akasema protini hiyo ni ya kale kuliko samaki. Nzi anayo, panya anayo, hata ngisi. Sote tuliirithi kwa mnyama mmoja wa mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, na mpaka leo imebadilika kidogo sana. Wataalamu waliwahi kuyatia maagizo ya panya katika nzi, nzi akaota jicho mguuni, tena jicho la nzi! Subhanallah. Nikamfikiria Mama na ngisi wake, na ule ujamaa wao ambao hakuujua.

Nje ya kliniki nilimwomba Zuleikha radhi. Akanipa mtoto nimbebe. Dhahabu ana kofia pana na miwani ya jua sasa. Ukimsogezea kitu karibu, anakinyakua.

Nduyangu, daktari amesisitiza hili: macho haya hupandwa na presha kwa ndani, na huenda ndiyo iliyompofusha Mama. Ikigunduliwa mapema, ina dawa. Kapimwe huko huko, usingoje. Kisha njoo nyumbani, mwanao anakaribia kutembea.

Ijumaa nilikwenda makaburini nikamwambia Mama kwamba hakuadhibiwa. Nilisema kwa sauti, watu wakanigeukia. Umebaki wewe kusikia.

Zuleikha anakusalimu sana, na Mjomba Jafar, na Bi Nyamvula wa nyumba ya pili. Mola akuhifadhi ugenini, akutilie nuru machoni na moyoni.

Ni mimi dadako akupendaye,
Samiha